Kabla Hujanunua Chupa Nyingine ya Vitamini



Leo sina mahubiri. Nina jambo limenikaa moyoni tangu mwezi wa pili, na nimelichelewesha kwa sababu lina wenyewe. Baadhi yenu mtakaosoma hapa mnauza vitamini. Mmenikaribisha nyumbani kwenu na mmenilisha. Nawaomba msome hadi mwisho kabla hamjanipigia simu.

Kuna mama mmoja kanisani kwetu hapa Naivasha. Ameniruhusu nieleze habari yake, mradi nisitaje jina. Anafanya kazi kwenye shamba la maua, upande wa kupanga na kufunga. Wale mnaoijua kazi hiyo mnajua wiki za kabla ya Februari 14 zinavyokuwa: kusimama kutwa nzima, saa za ziada, na mikono ndani ya maji baridi. Mama huyu huamka saa kumi na nusu alfajiri, apike, aandae watoto, akimbilie basi la kampuni. Jioni ana mazoezi ya kwaya mara mbili kwa wiki.

Mwaka jana alianza kuchoka. Sisemi uchovu wa jioni, ambao kila mtu anaujua. Huu ulikuwa uchovu wa kuamka nao. Akipanda ngazi za kwenda ofisini kwangu, ambazo ni ghorofa moja tu, alisimama katikati na kushika ukuta. Moyo ulimwenda mbio akiwa ameketi. Na kitu kingine ambacho sikukielewa wakati huo: alikuwa amerudi kutafuna odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni, kama wafanyavyo wamama wajawazito. Naye hakuwa mjamzito.

Alikuja kwangu. Nilimwombea, na hilo sijutii. Lakini nilimwambia pia kwamba hiyo ni roho ya uzito iliyotumwa kuipiga kwaya, nikampa mfungo wa siku tatu. Nikamaliza kwa kumwelekeza kwa dada yetu mmoja aliyekuwa akiuza vitamini mlangoni baada ya ibada, kwenye meza ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeiruhusu. Kusema kweli, nilikuwa nimeitangaza madhabahuni. Mimi na mke wangu tulikuwa tukimeza vidonge vilevile, na tulikuwa tukishuhudia jinsi tulivyopata nguvu.

Mama alinunua chupa ya shilingi 3,500. Ikaisha, akanunua ya pili. Alikopa kwenye chama ili apate ya tatu. Miezi minne ikapita hivyo.

Jumapili moja ya Februari, katikati ya wimbo wa pili wa sifa, alianguka. Nitawaambia kilichotokea, maana nimekwisha kutubu mbele za Mungu na mbele yake. Tulidhani ni upako. Dada wa kuhudumu akamfunika kwa leso kama kawaida, na mimi nikaendelea kuimba. Ni muuguzi mmoja, mshirika wetu, aliyetoka kwenye kiti chake, akapiga magoti na kufunua kope za macho yake. Ndani palikuwa peupe. Viganja vilikuwa vyeupe. Akanitazama, akatikisa kichwa, nami ndipo nikanyamazisha vyombo.

Hospitalini walimpima hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba hewa kwenda kila kona ya mwili. Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na gramu 12 au zaidi kwa kila desilita. Yeye alikuwa na 5.1. Alikuwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, ule wanaouita fibroidi. Hedhi yake ilikuwa ikichukua siku tisa au kumi, na mabonge ya damu. Hakuwahi kuniambia, na angeniambiaje? Mwanamke atapandaje ngazi kumwambia mchungaji mwanamume habari hizo? Wala mimi sikumuuliza kama amepimwa. Niliuliza tu kama anaomba.

Walimwongeza damu, wakamwanzishia vidonge vya madini ya chuma, na baadaye akafanyiwa upasuaji. Yuko hai na amerudi kwaya, safu ya nyuma, kwenye kiti.

Sasa sikiza jambo lililoninyima usingizi. Muuguzi yule aliomba aone ile chupa. Akasoma lebo yote, herufi zile ndogo. Kulikuwa na vitamini 11, mizizi ya ginsengi na majani ya kijani yaliyosagwa. Madini ya chuma hayakuwepo kabisa. Kwa miezi minne mama alikuwa akilipia kila kitu isipokuwa kile alichopungukiwa. Na hata kama kingekuwepo, alikuwa akichota maji kwa ndoo iliyotoboka. Ilipasa tundu litafutwe kwanza.

Wapendwa, msinielewe vibaya. Sisemi vitamini ni uongo. Mwaka 1926 madaktari wawili wa Boston kule Marekani, George Minot na William Murphy, walitangaza kwamba wagonjwa wenye aina moja ya upungufu wa damu, ugonjwa ambao siku zile ulikuwa unaua, walipata nafuu walipolishwa maini kwa wingi kila siku. Mtu aliyekuwa kitandani akisubiri kufa aliinuka kwa sababu ya maini! Mwaka 1934 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na George Whipple. Kitu kilichokuwa ndani ya maini yale kilikuja kutengwa mwaka 1948, na ndicho tunachokiita vitamini B12. Kwa hiyo nikimwona mtu akimeza B12 kwa kuwa imeonekana amepungukiwa, nasema amina. Huyo anatibiwa.

Lakini angalia waliokuwa wakiponywa. Walikuwa wamepungukiwa. Ukimpa B12 mtu ambaye anayo ya kutosha, hatapata nguvu za watu wawili. Mwili huchukua unachohitaji na kingine hukitoa. Ule mkojo wa manjano iliyokolea ambao wengine wenu mmekuwa mkishuhudia kwamba ni sumu inatoka, ni rangi ya vitamini B2 uliyoinunua asubuhi. Imeingia na imetoka. Samahani kwa kusema hivyo hadharani, ila nimeusikia ushuhuda huo madhabahuni kwangu mara tatu.

Mtu ataniuliza, “Mchungaji, mbona mimi nilisikia nguvu?” Nami nilisikia. Nilipoanza vidonge vile nilianza pia kunywa maji mengi na kulala mapema kidogo, kwa sababu dada aliyeniuzia aliniagiza hivyo. Sasa niambie ni kipi kilichonisaidia. Siwezi kujua, na wewe pia huenda huwezi.

Hoja yangu ni hii tu: uchovu una chanzo, na chanzo hakionekani kwenye chupa. Mwenye malaria huchoka. Mwenye kisukari ambaye hajajua huchoka, na hukojoa mara kwa mara usiku. Tezi ya shingoni ikilegea, mtu huchoka, huongezeka uzito na kusikia baridi wakati wengine wanatoa jasho. Mwenye kifua kikuu huchoka, hukohoa, hupungua na kulowanisha shuka usiku. Huyo ukimpa vitamini miezi mitatu, ataambukiza nyumba nzima huku akisubiri vifanye kazi. Minyoo ya safura hunyonya damu polepole. Ujauzito wenyewe huchosha. Na kuna uchovu wa msongo wa mawazo, ambapo mtu analala saa kumi na bado hawezi kuinuka kuoga. Huo tumeuita uvivu kanisani kwa miaka mingi, Mungu atusamehe.

Kipimo cha hemoglobini ni tone la damu kidoleni, na majibu hutoka ukiwa bado umeketi. Kile cha hesabu kamili ya damu, wanachokiita hemogramu, nacho hospitali nyingi za kaunti hufanya. Nenda uulize bei, kisha ulinganishe na chupa yako. Na ukipimwa ukaambiwa hemoglobini iko sawa lakini uchovu haukuachi, hasa wewe dada ambaye hedhi yako ni nzito, muulize daktari kuhusu feritini. Hiyo ni akiba ya chuma mwilini. Inaweza kuwa chini wakati damu bado inaonekana nzuri, na hapo vidonge vya chuma vinaweza kusaidia kweli.

Kuna watu ambao ninawaambia waziwazi, tumieni. Mama mjamzito, zile tembe za chuma na asidi ya foliki unazopewa kliniki usizifiche chini ya godoro. Najua zinafunga choo na kukigeuza kuwa cheusi, hilo lisikutishe. Zimeze kwa maji, ukiweza pamoja na chungwa au pera, na chai uiache mpaka saa moja au mbili zipite, maana majani ya chai huzuia chuma kuingia mwilini. Hapa Kenya kumwambia mtu aiache chai ni kama kumwambia ahame nchi, lakini nimesema kuichelewesha tu. Na aliyeandikiwa vidonge vya chuma kwa sababu ya upungufu wa damu asiviache siku anayojisikia vizuri. Kwa kawaida huendelea kama miezi mitatu baada ya damu kurudi sawa, ili akiba ijae.

Wazee wetu wa kisukari mnaomeza metfomini kwa miaka mingi, dawa hiyo inaweza kupunguza B12. Ukianza kuchoka na miguu kufa ganzi, usiseme ni uzee. Mwambie daktari akupime. Na wale ambao hamli nyama, mayai, samaki wala maziwa, B12 hamtaipata kwenye sukuma wiki hata mle gunia zima.

Kuhusu chakula sitasema mengi, mama mboga anajua kuliko mimi. Maini, nyama, omena, maharagwe, ndengu, terere na managu. Kitu kimoja ambacho wengi hawajui: tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe vitamini na madini, chuma kikiwemo. Ule tunaosaga wenyewe kwenye posho mill hauna nyongeza hiyo. Sisemi mwache posho mill, hata mimi naipenda ladha yake. Nasema tu unga wa pakiti una kitu ambacho ulikuwa ukikilipia mara ya pili kwenye chupa. Na kuhusu mutura, kweli damu ina chuma kingi, lakini sitaingia kwenye mjadala wa Mkristo kula damu kwenye ukurasa huu. Mara ya mwisho tulipoteza wiki mbili.

Sasa nije kwa wale wanaosema, “Lakini ni vya asili, havina madhara.” Hapo ndipo ninapopinga kwa nguvu.

Vidonge vya chuma vya watu wazima vinaweza kumuua mtoto mdogo akivimeza kama peremende. Viweke juu, vifungie. Vitamini A ikizidi sana inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Vitamini A, D, E na K hazitoki kwenye mkojo kirahisi kama zile nyingine. Huhifadhiwa mwilini na zinaweza kurundikana. Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao kwa ndugu zetu wa Magharibi na Nyanza si mgeni, asipewe chuma kwa kukisia tu kwa sababu damu yake iko chini. Aliyeongezwa damu mara nyingi huenda ana chuma kupita kiasi tayari. Na mwaka 1994 kule Ufini ulitolewa utafiti wa wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Waliopewa vidonge vya beta karotini, kitu kilekile kinachofanya karoti iwe na rangi yake, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wale ambao hawakupewa. Karoti ni njema. Kidonge chake hakikuwa chema kwa watu wale.

Hili linalofuata nalisema kwa upole, na sitaki mtu aangalie jirani yake. Wapo kati yetu wanaotumia dawa za ARV, nao wamebarikiwa na wanaishi. Wengi Kenya hupewa kidonge chenye dolutegraviri. Ukikimeza tumbo likiwa tupu pamoja na vidonge vya chuma, kalsiamu, au vitamini zilizochanganywa na madini ya zinki, dawa yako haiingii mwilini vizuri. Muuzaji wa mlangoni hajui unatumia nini, nawe huwezi kumwambia mbele ya foleni. Kwa hiyo mwambie muuguzi wa kliniki yako unachomeza, naye atakupangia saa. Usiache ARV. Nimerudia makusudi: usiache.

Kuna jambo moja linanishangaza kwetu sisi wapentekoste. Ndugu akiambiwa aende hospitali, anasema anamwamini Mungu. Akiambiwa kuna chupa kutoka ng'ambo, imani inamruhusu. Anapiga hesabu ya M-Pesa palepale. Kama kidonge cha daktari ni kukosa imani, hiki cha shilingi 3,500 ni nini? Paulo hakumwambia Timotheo kwamba tumbo lake ni mapepo. Alimpa ushauri wa kawaida wa siku zile kuhusu tumbo, na kiasi akakitaja kuwa kidogo.

Na Eliya je? Mfungue 1 Wafalme 19 msome wenyewe. Mtu ametoka kwenye ushindi mkubwa mlimani, anakimbia, anachoka mpaka anaomba afe. Malaika anakuja. Hamkemei, wala hamwambii ana roho ya uzito. Anamgusa, anampa mkate na maji, na kumwacha alale tena. Kisha mara ya pili vivyo hivyo, chakula kwanza. Mazungumzo na Mungu kule Horebu yalikuja baada ya kulala na kula. Nimeihubiri sura hiyo labda mara kumi na tano, na kila mara niliruka haraka kwenda kwenye sauti ndogo ya utulivu. Mkate niliupita.

Hilo lilinifanya nikae chini na kupiga hesabu ya wiki ya yule mama. Kuamka saa kumi na nusu, kurudi saa moja usiku, kulala saa tano. Jumanne na Alhamisi kwaya. Ijumaa kesha hadi alfajiri, na Jumamosi yuko shambani tena. Jumapili ibada mbili. Halafu anakuja kuniambia amechoka, nami namwongezea mfungo! Hata asingekuwa na uvimbe, angekuwa mgonjwa wa ratiba yangu.

Kwa hiyo tumebadilisha. Kesha sasa ni mara moja kwa mwezi, si kila Ijumaa. Wazee wawili wamenung'unika kwamba moto umepoa. Nimewaambia wao wamestaafu, wanalala mchana. Mfungo, yeyote mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha au anayetumia dawa za kila siku aongee na muuguzi kabla hajaanza, na hakuna atakayeitwa vuguvugu.

Na meza ya mlangoni imeondolewa. Nililiongea jambo hilo na dada aliyekuwa akiuza kabla sijalitangaza. Alilia. Ana watoto watatu, na ile meza ilikuwa ikilipa karo. Hakumdanganya mtu kwa kukusudia. Alifundishwa semina moja ya mchana na kuamini alichoambiwa, kama nilivyoamini mimi. Kosa kubwa lilikuwa langu, kwa sababu watu hawakuwa wakimwamini yeye. Walikuwa wakiniamini mimi niliyesimama madhabahuni na kuikubali chupa. Kanisa limemsaidia aanze kuuza mayai na maziwa, na tafadhali mnunulie. Nawaomba wachungaji wenzangu mnaosoma hapa mfikirie meza zenu. Ukiisema bidhaa ukiwa na maikrofoni ya madhabahu, mshirika haisikii kama tangazo. Anaisikia kama neno.

Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili, yule muuguzi pamoja na mwenzake watakaa ukumbini, ule chumba cha shule ya Jumapili chenye mlango wa nyuma. Wamama watazungumza na wamama, faraghani. Watawasomea lebo na kuwaeleza ni kipimo gani mwende mkaulize hospitalini. Njooni na chupa mlizo nazo nyumbani, zilizojaa na zilizobaki nusu, na dawa nyingine mnazotumia. Zileteni kwenye mfuko usioonyesha ndani. Hakuna atakayekuuliza ulinunua kwa nani, wala bei.

Yangu na ya mke wangu yatakuwa ya kwanza mezani.